Siku Nilipompakia Mama Mkwe Kwenye Gari Linalokunywa Oili

Mke wangu amenikubalia nisimulie habari hii kwa sharti moja, kwamba nisimtaje mama yake kwa jina, na hilo halina shida kwa sababu hata mtu akinishikia panga shingoni jina hilo halinitoki mdomoni (mtaona huko mbele kwamba nusura nishikiwe kweli). Ni aibu niliyoibeba zaidi ya miaka arobaini. Watu wa Bariadi wa rika langu bado wananisimamisha sokoni, "Fundi, mkwe hajambo?" halafu wanaangua kicheko, nami nacheka nao, lakini changu ni cha midomo tu, maana siku yenyewe hakuna aliyecheka, siku yenyewe niliogopa.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na oili ya gari kwa kibali. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, nimeoa mwaka mmoja tu uliopita, nina ovaroli ya bluu na maringo ya kutosha vijana watatu. Kazi yangu hasa ilikuwa matrekta na malori. Magari madogo nilikuwa najifunza kwa kuyafungua.

Hospitalini kulikuwa na daktari mmoja, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye miwani mizito, ambaye wote tulimwita Daktari basi. Huyu alikuwa na gari la ajabu, la spoti, la Kiingereza, viti viwili tu, paa la turubai, rangi ya kijani, limelala chini kama mjusi, alilinunua kwa Mzungu mmoja mpima udongo aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa zee, lakini mlio wake, jamani, likipita sokoni hata waliokuwa wanapatana bei ya dagaa walinyamaza.

Daktari aliniletea gari hilo nimrekebishie breki. Nikazirekebisha vizuri, hilo sijidai uongo. Nilipomaliza nikafungua boneti, nikachomoa stiki, yaani kile kijiti cha bati cha kupimia oili, nikaona oili iko sawa. Sasa wakati huo mwenzangu Ng'habi alikuwa amekoka moto nyuma ya karakana, ana ini la mbuzi lakini hana kijiti cha kulichomea, na mimi ndiye niliyesema (si yeye, ni mimi), "Chukua hii, ni safi, niifute tu." Nikaifuta kwa kitambaa, tukatunga ini, tukachoma, likaiva vizuri, nikaliweka juu ya jiwe lipoe, nikageuka kutafuta chumvi. Niliporudi, mbwa wa mlinzi alikuwa anaingia kwenye shamba la pamba na ini letu na stiki ya Daktari ikining'inia mdomoni kama kiko. Tulimtafuta mbwa tukampata, anajilamba. Stiki hatukuipata.

Hapo ndipo ningeweza kutembea mwendo wa dakika kumi mpaka hospitali nikasema, Daktari, nisamehe, nimefanya upumbavu. Sikwenda. Nilichofanya, nilichomoa stiki ya trekta moja bovu lililokuwa limekufa uani, nikaijaribu kwenye tundu, ikaingia. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, kama urefu wa kidole cha kati hivi, lakini ilikuwa na alama zake mbili, ya juu na ya chini, nikajiambia oili ni oili na alama ni alama. Nikafunga boneti. Daktari akaja, akashukuru, akaondoka.

Haukupita mwezi akarudi.

"Fundi Maduhu," akasema, "gari linakunywa oili. Kila nikipima, stiki kavu. Naongeza mpaka kwenye alama, siku mbili tatu, kavu tena. Na linatoa moshi wa bluu, wagonjwa wangu wanakohoa. Mwanzo halikuwa hivi."

"Ringi hizo," nikasema.

Nawaapia hata boneti nilikuwa sijaifungua. Lakini pale karakana walikuwepo wenzangu sita wamesimama wananitazama, na moshi wa bluu kila fundi anajua ni oili inaungua ndani, na oili ikiungua ndani neno la kwanza linalokuja mdomoni ni ringi za pistoni zimelika, basi nikalitoa, kwa sauti, mikono kiunoni.

"Una hakika?"

"Daktari, wewe unajua watu, mimi najua injini."

Akaniachia gari nilichunguze vizuri, kwa sababu alikuwa anakwenda Shinyanga kwenye mkutano na Landrova ya hospitali, siku tatu. Akaniachia na galoni moja ya oili aliyoipata kwa kibali, tena baada ya kuandika barua mbili. Akaniambia jambo moja tu, "Lisitoke nje ya geti."

Nikachunguza. Nilitandika gunia chini usiku kucha kuona kama linavuja, asubuhi nikakuta madoa ya oili, si haba. Nikafungua plagi, zote nne zimelowa oili. Nikasema, unaona, ringi. Kisha nikaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, Ng'habi akazungusha injini kwa hendeli, nipime pumzi ya silinda, na hapa sikilizeni vizuri, kidole changu kilirushwa kama kimepigwa teke na ndama. Silinda zote nne hivyo hivyo. Injini ambayo ringi zimelika haiwezi kuwa na pumzi kama ile. Ng'habi akanitazama, akasema, "Mbona hii ina nguvu?" Nikamjibu kwamba magari ya spoti ndivyo yalivyo, kwamba yana tabia zake (mnaona mtu anavyojichimbia?). Kisha nikapima oili kwa stiki yangu, kavu, nikamimina galoni ya Daktari mpaka ikafika kwenye alama ya juu.

Asubuhi ya siku ya tatu, nimeshika kikombe cha uji, akaingia shemeji yangu Shija na baiskeli, shati limeganda mwilini kwa jasho, ametoka kijijini kwao upande wa Lagangabilili.

"Mayu kagongwa na nyoka, kifutu," akasema, mayu kwetu ni mama. "Jana jioni, kwenye kuchuma pamba. Mguu umekuwa hivi." Akaonyesha kwa mikono miwili. "Mganga kamchanja, kaweka dawa, lakini hali chakula na mguu unazidi. Tunaomba gari."

Gari gani? Landrova ya hospitali iko Shinyanga. Lori la kiwanda limepeleka marobota ya pamba stesheni ya Malampaka na halirudi mpaka kesho. Gari la mkuu wa wilaya halikuwa hata la kufikiria. Shija akawa anatazama nyuma yangu, na mimi najua anatazama nini, lile la kijani limekaa kivulini.

Nikamwaza mke wangu, Limi, alikuwa na mimba ya miezi saba. Nitamwambiaje kwamba mama yake amekufa na gari lilikuwepo? Nikamwaza Daktari na ile "lisitoke nje ya geti". Nikamwambia mlinzi nakwenda kulijaribu moshi, akafungua geti.

Njia ya kwenda nilikwenda vizuri. Moshi ulikuwepo, lakini nilikuwa peke yangu, najibadilishia gia, upepo unapita. Nilipofika mji wao nikakuta wamemkalisha kwenye kiti cha miguu mitatu mlangoni, kanga imemfunika kichwa, na mguu wake wa kulia, jamani, ulikuwa umevimba toka kidole mpaka juu ya goti, unang'aa kama biringanya. Nikasimama mbali kama inavyopasa, nikainama, nikaamkia huku natazama chini, "Mwangaluka, mayu."

Hakuniitikia mimi, aliitikia ukuta. Kwa sisi Wasukuma, hasa wa zamani zile, mkwe wa kiume, yaani nkwilima, na mama mkwe hawakutani macho, hawali pamoja, wakionana njiani mmoja anaingia majanini. Huyu mama tangu nioe sikuwa nimeuona uso wake zaidi ya mara mbili, na zote kwa bahati mbaya. Sasa akaangalia gari. Akaona viti viwili, vimebanana kama punje za karanga. Akauliza, "Na anayeendesha atakaa wapi?"

Wakamwambia.

"Nikae na nkwilima wangu bega kwa bega?" akasema. "Nirudisheni ndani. Afadhali nife."

Hakuwa anatania. Wanawe walimbembeleza, baba mkwe akafoka, mama mwingine wa jirani akalia, na mimi nimesimama nyuma ya zizi muda wote huo nasikiliza watu wakijadiliana kama ni bora mtu afe au akae karibu na mimi. Mwisho baba mkwe akasema, "Mwekeni, dhambi ni yangu," wakambeba, wakamweka, akajifunika kanga mbili toka utosini, akageukia mlangoni, akanipa kisogo. Shija hakuwa na pa kukaa, akafuata na baiskeli.

Sasa kuna jambo hakuna aliyelifikiria. Ule mguu haukuweza kukunjwa. Kwenye gari lile lililolala chini ilibidi unyooshwe mbele, na ukinyooshwa uliegemea katikati, pale pale penye hendeli ya gia. Kubadilisha gia ya tatu ningeligusa goti la mama mkwe wangu. Nikaingiza gia ya kwanza kwa kujibana, nikavuta ya pili, ya pili hendeli ilirudi nyuma, mbali na goti, salama, na hapo nikaamua, kwa heshima, kwamba safari nzima nitakwenda na gia ya pili.

Mafundi mlioko hapa mmeshaelewa. Wengine niwaeleze: gari la spoti, gia ya pili, barabara ndefu, na mtu ana haraka, injini ililia kama inachinjwa. Na injini ikizunguka kwa kasi hivyo, oili iliyo ndani nayo inapigwapigwa, ikiwa nyingi kupita kiasi inatupwa juu, inapita kila penye upenyo, inaingia kwenye moto. Nyuma yetu moshi ulisimama kama tunachoma msitu. Sikuona barabara tuliyotoka. Wachungaji walikimbiza ng'ombe porini. Nami nikasema moyoni, ringi zimekwisha kabisa, injini inakufa, inakufa nikiwa na mama mkwe ndani.

Tulipofika kwenye kijiji kimoja cha ujamaa katikati ya njia, kijiji kilichopangwa nyumba zake kwa mstari, nikakuta mti umelazwa barabarani na mgambo watano wamesimama. Siku hiyo ilikuwa ya kununua pamba, kijiji kizima kilikuwa kwenye ghala, na moshi wetu walikuwa wameuona tangu mbali. Kamanda wao, kijana mmoja anaitwa Malugu, kaki yake imepigwa pasi unaweza kukatia mkate, akapiga filimbi.

"Zima gari! Shuka! Mikono juu!"

Nikazima. (Laiti nisingezima! Lakini bunduki ni bunduki, hata ikiwa ya mbao sehemu kubwa.)

"Gari la nani?"

"La Daktari wa Bariadi."

"Daktari yuko wapi?"

"Shinyanga."

"Anajua gari lake liko hapa?"

Nikautazama ule mti. Watu walikuwa wanasogea, mikono imejaa nyuzi za pamba.

"Na huyu uliyemfunika humu ni nani?"

"Mgonjwa. Ni mama wa mke wangu."

"Anaitwa nani?"

Basi hapo nikakwama. Mtu hataji jina la mama mkwe. Hata neno linalofanana nalo unalikwepa. Malugu naye ni Msukuma, anajua kabisa, lakini akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya kufulia kwenye ile kaki. "Mila tuiweke pembeni, ndugu. Hapa ni ulinzi wa kijiji. Mwizi yeyote anaweza kusema amembeba mkwe. Taja jina."

Kikongwe mmoja kutoka kwenye umati akapiga kelele, "Mnamlazimisha mtu ataje jina la mkwewe! Mna laana ninyi!" Wengine wakasema nitaje, wengine nisitaje, mgambo mmoja akaleta kamba, na jasho lilikuwa linanitiririka mpaka ndani ya viatu, nawaza, nitafungwa hapa, na yeye atafia humo ndani jua linamwakia, kwa sababu ya jina.

Kanga ikatikisika. Sauti ikatoka ndani yake, nyembamba lakini haitetemeki.

"We kijana wa filimbi. Mimi naitwa," akalitaja jina lake, la baba yake, na la mtemi wa ukoo wao, "nimegongwa na nyoka tangu jana, na ukiendelea kuuliza utaandika jina la marehemu."

Akautoa mguu nje ya kanga kidogo. Umati wote ukarudi nyuma hatua moja. Malugu akasema, "Ondoeni mti."

Mti ukaondolewa, nikakaa kwenye usukani, nikapiga stata. Gari halikuwaka. Nikapiga tena. Likakohoa, likanyamaza. Plagi zilikuwa zimezama kwenye oili. Malugu akaita watu wasukume, na yeye mwenyewe (nampa haki yake) akashika katikati, nyuma kabisa, wakasukuma, nikaachia klachi, injini ikashtuka mara moja, ikatema kwenye eksozi tope jeusi la oili na masizi, ikazima. Nilipogeuka nikaona Malugu toka kifuani mpaka magotini amekuwa kama sufuria la msibani. Alijitazama tu ile kaki, halafu akanitazama mimi, na ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote wa maisha yangu mpaka hapo.

Nikafungua boneti ili nipate mahali pa kuficha uso. Nikachomoa stiki. Kavu. Galoni nzima ya Daktari, kavu! Nikasema kwa sauti, sijui namwambia nani, "Oili imekwisha. Imekwisha yote. Nikiwasha injini itakufa." Nikauliza kama kijijini kuna oili. Nani awe na oili, miaka ile? Watu wakatikisa vichwa.

Kulikuwa na ng'ombe mmoja amefungwa kwenye mkokoteni wa pamba kando ya gari, upande wa mlango wa mama mkwe. Nikamsikia anaongea naye yule ng'ombe. Kwa maana hakuweza kuongea na mimi.

"We ng'ombe," akasema, "chungu kikiwa kitupu, kinachomwagika chini ya miguu yangu ni nini?"

Nikainama. Chini ya gari oili ilikuwa inadondoka tip, tip, tip, dimbwi zima, na kuta za injini zote zimelowa.

"Mtu akitumbukiza ufito kisimani ukatoka mkavu," akaendelea kumwambia ng'ombe, "haina maana kisima kimekauka. Maana yake ufito ni mfupi."

Sijui kama mmewahi kusikia damu ikishuka. Mimi niliisikia. Nikaona ini, nikaona mbwa, nikaona urefu wa kidole cha kati. Nikaingiza mkono mfukoni, nilikuwa na kipande cha waya wa kufungia marobota, nikauzamisha kwenye tundu la stiki, ukaenda, ukaenda, ukapita pale stiki yangu inapoishia, ukagonga chini. Nikautoa. Umelowa oili karibu nusu ya urefu wake. Injini haikuwa na kiu. Injini ilikuwa inazama. Daktari alikuwa anajaza, mimi najaza, nayo inaitapika ile ya ziada kwa moshi, stiki fupi ikionyesha kavu, tunaongeza tena. Ringi zilikuwa nzima. Ringi zilikuwa nzima siku zote.

Nikalala chini ya gari kwenye udongo mweusi nikafungua nati ya chini kwa spana. Oili ikanimwagikia mkono ikiwa moto, hapa alama mnaiona. Malugu akapiga kelele, "Unamwaga oili? Mbele ya wananchi unamwaga oili? Huyu ni mhujumu!" lakini wananchi wenyewe walikuwa wameshakimbia majumbani, wakarudi na vibuyu na makopo, wakakinga kwa ajili ya ekseli za mikokoteni yao, wanakanyagana miguuni pangu huko nje na mimi niko chini napiga mahesabu ya kibali na barua mbili. Nikapima kwa waya mpaka nikaridhika, nikafunga, nikatoa plagi, nikazifuta kwa pamba niliyopewa na mwanamke mmoja, nikazikausha kwenye moto wake wa uji, nikazirudisha. Plagi moja niliiangusha mara tatu. Gari likawaka kwa stata ya kwanza.

Malugu akasema haniachii. Anakuja na mimi mpaka hospitali ya Daktari, anikabidhi. Viti havipo, akapanda juu ya buti nyuma, akakaa miguu ndani, bunduki magotini.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo hofu yenyewe ilipoanza, maana yale mengine yote yalikuwa aibu. Mama mkwe alikuwa amenyamaza. Hakuongea tena na ng'ombe wala na ukuta. Gari likiingia kwenye shimo, kichwa chake kilikuwa kinatikisika kama cha mtu asiyekuwepo. Nami sikuruhusiwa kumtazama, na nilihitaji kujua kama anapumua. Nikatazama mbele, shingo imekakamaa, nikasema, "Kamanda. Ndugu kamanda. Nakuomba. Anapumua?"

Halafu nikaona kivuli cha Malugu kinainama.

"Anapumua."

Mwendo kidogo. "Kamanda, anapumua?"

"Anapumua. Tazama barabara."

Niliuliza sijui mara ngapi. Hakunikasirikia hata mara moja. Kuna wakati alichelewa kujibu, nikahisi gari zima limejaa maji ya baridi, kisha akasema taratibu, sauti si ya filimbi tena, "Weka gia nyingine, kaka. Hata ukimgusa. Weka." Nikaingiza gia ya tatu, kiwiko changu kikagusa goti lake, lilikuwa la moto, akaguna. Mungu anisamehe, sijawahi kufurahia mguno wa mtu namna ile.

Tukaingia hospitali ya Bariadi mchana kweupe, siku ya kliniki, uwanja umejaa kina mama na watoto. Piga picha mwenyewe: gari la Daktari linatoa moshi wa mwisho mwisho, mimi usoni mweusi kama makaa, mama mkwe kanga mbili, nyuma mgambo aliyepakwa oili ameshika bunduki. Na barazani, mkoba bado mkononi, kafika muda huo huo kutoka Shinyanga, Daktari. Mke wangu Limi naye alikuwepo kwenye kliniki ya wajawazito. Alipiga yowe moja tu.

Daktari hakuuliza gari. Alikuja mbio, akafunua mguu, akaita machela, wakaingia ndani, mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye ngazi, Malugu kando yangu, mpaka jua likahama upande wa pili wa jengo. Daktari alipotoka alikuwa anafuta miwani yake.

"Ataishi," akasema. "Mguu sijui. Tutauangalia." (Mguu ulipona, ila kidole kimoja walikikata, na alitembea akichechemea kidogo mpaka uzeeni.) Kisha akageukia gari. "Haya. Zilikuwa ringi?"

Nikamwambia yote. Ini, mbwa, trekta, kidole kilichorushwa, geti, vibuyu vya oili kijijini. Malugu alikuwa anasikiliza mdomo wazi, hata kunikabidhi alisahau. Nilingoja Daktari aite polisi. Akakaa kwenye ngazi.

"Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

"Niliogopa, Daktari."

"Na ringi? Hata boneti hukufungua."

"Nayo niliogopa. Wenzangu walikuwa wanatazama."

"Kila mgonjwa akiingia mlango ule naogopa," akasema. "Kwa sababu mara nyingi sijui ana nini. Sasa nikijifanya najua, si ndiyo nitamuua?" Akainuka akarudi wodini. Gari lake hakulileta kwangu tena kwa mwaka mzima, na oili ile nililima shamba lake misimu miwili kuifidia. Wazee wa upande wa mke wangu nao walikaa, wakaamua nitoe mbuzi jike mweupe kuondoa aibu ya kukaa na mkwe kiti kimoja, nikamtoa, na mbuzi mwingine kwa ajili ya lile goti.

Tangu hapo mteja akileta gari, akiniuliza lina nini, jibu langu la kwanza ni "Sijui." Nalisema hivyo hivyo, mbele za watu. Wapo wanaopanda magari yao wakaondoka kwenda kwa vijana wa barabarani kule wanaojua kila kitu kabla ya kufungua boneti, na kwa njia hiyo nimepoteza wateja wengi, mke wangu anawajua kwa majina. Waende tu. Anayebaki namwambia avute kiti, anieleze tangu mwanzo, nami nanyamaza nasikiliza.